Kuuza Pombe, Kuuza Bangi: Je, ni Mamoja?

Katika parokia moja ya upande wetu, ambayo hatutaitaja jina, baraza lilikutana kutengeneza sikukuu ya jubilei. Kabla ya kufikia habari za sikukuu, wazee walikata neno jingine. Mama mmoja mjane, mkubwa wa shirika lake kwa miaka mingi, aliondolewa kazini, kwa sababu alionekana akipika lutuku nyuma ya nyumba yake. Mzee mmoja akasema: «Lutuku ni dawa ya kulevya, sawasawa na bangi. Mwenye kuuza sumu hawezi kuongoza sala.» Wote wakakubali. Kisha wakaendelea na sikukuu, wakampigia makofi mzee mwingine, mwenye nganda kubwa karibu na soko, ambaye aliahidi kutoa kazie ishirini za bia.

Sisi tulikuwamo. Tulipiga makofi kama wengine.

Tulipotoka, kijana mmoja mwimbaji akatufuata njiani, akasema: «Baba zangu, naomba kuuliza. Kaka yangu aliuza bangi, yuko gerezani. Mama huyu auza lutuku, mmemwondoa. Mzee auza bia, mmempigia makofi. Mimi sijui tena kosa ni lipi.» Tulimjibu maneno ya kujiondoa: kwamba mambo haya ni magumu, kwamba ataelewa akikua. Lakini kijana yule amekwisha kukua, ana ndevu. Basi maneno haya ndiyo jibu tulilopaswa kumpa siku ile.

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni sheria. Bia ina ruhusa, bangi haina. Mwenye nganda ametundika patenti yake ukutani, alipa kodi; mwuza bangi ajificha gizani. Ni kweli, na sheria yapaswa kufuatwa. Lakini tuitazame sheria hiyo jinsi ilivyotembea. Mwaka 1890 serikali za Ulaya zilipatana Bruxelles kuzuia vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1903 bangi ilikatazwa katika Kongo. Mwaka 1919, kwa mapatano ya Saint-Germain-en-Laye, vileo vikali vya biashara vilikatazwa visiletwe, na watu wa humu barani wakakatazwa wasivipike. Lakini mwaka 1923 kiwanda cha bia kilianzishwa Léopoldville, na chupa ikaanza safari yake katika nchi yote. Mpaka katika miaka ya 1950, mtu mweusi wa kawaida aliweza kununua bia, lakini mvinyo na wiski vilikuwa vya mzungu. Je, wiski ilikuwa dhambi katika koo moja na kiburudisho katika koo lingine?

Na leo? Toka Goma, vuka mpaka, ingia Gisenyi. Ile tunayoiita lutuku, ambayo huko Kinshasa waiita lotoko na sisi wa Kivu kanyanga, upande huu yauzwa kwa glasi ndogo kando ya njia. Upande ule, sheria ya Rwanda imeiandika pamoja na dawa za kulevya, na mwenye kukamatwa nayo ahukumiwa kama mwuza dawa hizo. Bidoni ni ile ile, nayo imetembea hatua mia tu.

Tena kuna habari ya kale ambayo vijana wetu hawaijui. Huko Kasai, mtemi Kalamba Mukenge na watu wake waliitwa Bena Diamba, maana yake watu wa bangi. Msafiri Wissmann, aliyefika kwao mwaka 1881 pamoja na Pogge, aliandika jinsi walivyoacha pombe ya michikichi, wakafanya bangi kuwa alama ya urafiki na amani kati yao. Kwao mnywaji wa pombe ndiye aliyekuwa mtu wa fujo. Hatusemi walifanya vema. Tunasema tu kwamba kila kizazi kimechagua kileo chake cha heshima na kileo chake cha aibu, na mara nyingi kimechagua kwa kutazama mwenye kukiuza ni nani. Sheria yaweza kukuambia kama polisi atakuja. Kama mikono yako ni safi, hilo haikuambii.

Jibu la pili ni bora kuliko la kwanza. Wengine wasema: tofauti imo katika vitu vyenyewe. Pombe ni kinywaji cha furaha, bangi ni uharibifu. Katika harusi ya Kana Bwana Yesu aligeuza maji kuwa divai, hakuyageuza kuwa moshi. Twakubali, wala hatutaki kucheza na neno hili. Mtu aweza kunywa chupa moja pamoja na wenzake, akalala vizuri, akaamkia kazi yake. Katika mahari na katika matanga, pombe ya ndizi au ya mtama ni neno ambalo familia mbili zaambiana bila kufungua kinywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imetenga mambo hayo mawili: katika namba 2290 yakataza kupita kiasi katika vileo, katika namba 2291 yasema kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa matibabu tu, na kuzitengeneza kwa siri na kuzifanyia biashara ni kashfa. Tofauti ipo, nasi hatuifuti.

Lakini soma tena yale maneno matatu: «isipokuwa kwa matibabu». Morfini katika hospitali ni huruma kwa mgonjwa wa kansa. Vidonge vya tramadoli, daktari akiviandika kwa mtu aliyepasuliwa, ni vyema. Vidonge hivyo hivyo vyauzwa sokoni, bila karatasi ya daktari, kwa vijana wenye kubeba mizigo, wapate kufanya kazi bila kusikia uchovu, na baada ya miezi michache hawawezi tena kuamka bila kuvimeza. Kidonge hakikubadilika. Lililobadilika ni lile linalopita kati ya mwuzaji na mnunuzi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza habari za mafundi na kazi zao, katika sehemu ya pili ya Summa yake. Alijibu hivi: fundi atengenezaye kitu ambacho hakuna awezaye kukitumia bila dhambi, kama sanamu za kuabudiwa, yeye mwenyewe akosa. Lakini fundi atengenezaye kitu kiwezacho kutumiwa kwa wema au kwa ubaya, kama panga na mishale, kazi yake si dhambi. Wenye nganda waweza kufurahi wakisikia hayo: bia ni upanga, si sanamu! Vema. Lakini mtu akija kwako mbio usiku, macho mekundu, akimlaani jirani yake kwa jina, akikuambia: «Niuzie upanga upesi,» nawe ukamwuzia, utajitetea mbele ya maiti kwa kusema upanga wakata pia majani?

Hapo ndipo neno letu lilipo. Dhambi ya mwuzaji haimo ndani ya chupa, wala ndani ya jani. Imo katika yale anayoyajua juu ya mtu aliyesimama mbele yake, wakati anapopokea franka zake.

Basi tuingie nganda siku ya mshahara. Mwenye nganda si mgeni. Ajua kila mtu: huyu ni mwalimu, ana watoto sita, huyu ni mtu wa machimbo, mke wake amelazwa, huyu alianguka mfereji wiki iliyopita, akaokotwa asubuhi. Chini ya meza ana daftari. Katika daftari hilo mna majina ya watu walionywa mwezi uliopita kwa deni, nao wamekuja leo kulipa, na kwa kuwa wamekuja wataketi kidogo. Chupa ya kwanza ni ya kiu. Ya pili ni ya urafiki. Katika ya sita mtu amekwisha kunywa minervali ya mtoto mmoja, na mwenye nganda ajua ni mtoto gani, maana mtoto mwenyewe ametumwa na mama yake, amesimama mlangoni, akimwita baba yake kwa sauti ndogo. Radio yaongezwa sauti. Chupa ya saba yafunguliwa.

Tuliyaona hayo kwa macho yetu, na si mara moja.

Sasa mtazame mwuza bangi kwenye kona ya kartiye. Auza kwa mtu apitaye, mara nyingi hamjui jina, hajui kama ana watoto. Hatumsifu. Lakini kwa upande huu mmoja mwenye nganda amepewa nuru kubwa zaidi, na aliyepewa vingi ataulizwa vingi. Tena biashara yake yenyewe yamvuta upande mbaya. Mtu wa chupa moja kwa juma hajengi nyumba ya ghorofa kwa mwenye nganda. Ni wale wachache wasioweza kuacha ndio wenye kumaliza kazie. Mwuzaji wa unga hufurahi mnunuzi wake akiwa na afya, kwa sababu atakula tena kesho. Mwuzaji wa kileo faida yake huongezeka kadiri mtu wake anavyopotea. Katika hilo yeye na mwuza bangi wameketi kiti kimoja.

Shirika la Afya la Dunia, katika hesabu yake iliyotolewa mwaka 2024, lasema kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya vileo, na laki 6 kwa sababu ya dawa za kulevya. Tusidanganyike na hesabu hiyo: wanywaji ni wengi mno kuliko watumiaji wa dawa, kwa hiyo haionyeshi kwamba glasi ya bia ni mbaya kuliko sindano ya heroini. Lakini yaonyesha neno moja ambalo benchi za mbele hazipendi kulisikia. Makaburi mengi hayakuchimbwa na wale waliofungwa gerezani. Yalichimbwa na biashara yenye patenti.

Twajua kijana wetu atakaposoma hapa ataruka kwa furaha: «Basi kaka yangu hana kosa! Waache wauze bangi wazi, kama bia.» La, mwanangu. Ubaya wa jirani haukutakasi wewe. Ukikuta nyumba mbili zinaungua, huzimi moja kwa kuonyesha kwamba nyingine inawaka zaidi. Kaka yako aliwauzia watoto wa shule, na akili ya mtoto bado yajengwa. Yuko wapi leo yule mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani? Mwaka 2021 Kinshasa yote iliona vijana wamesimama barabarani wameinama, kama waliolala kwa miguu, kwa kutumia unga uitwao «bombé», uliotengenezwa kwa kusaga chombo cha ndani ya bomba la moshi la gari na kuuchanganya na vidonge. Aliyeuza unga huo hawezi kutuambia habari za Kana. Hiyo ndiyo sanamu ya Mtakatifu Tomaso: hakuna matumizi mema yake hata moja. Kama unataka kumtetea kaka yako, sema kwamba mahakimu wamemfunga yeye na kumwacha aliyemletea gunia. Hapo tutakuwa upande wako.

Wako pia wanaosema: «Mimi simlazimishi mtu. Anayekunywa ana akili zake.» Neno hili ni la zamani sana katika biashara za namna hii. Mwaka 1839 mkubwa mmoja wa China, Lin Zexu, aliharibu huko Humen masanduku zaidi ya elfu 20 ya afyuni ya wafanyabiashara Waingereza. Aliandika barua kwa Malkia Victoria, akiuliza jinsi wanavyoweza kuwauzia wengine kitu ambacho hawakitaki kwao wenyewe. Jibu lilikuwa manowari, na vita mpaka mwaka 1842. Wafanyabiashara wale nao walisema hawamlazimishi mtu, na kwamba biashara ni huru. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nasi twamjua mwenye nganda ambaye hanywi kamwe, na ambaye amewapeleka wana wake shule ya bweni mbali, ili wasikue katika kelele ya nganda yake. Twamsifu kwa kuwapenda wana wake. Amekwisha kulijibu swali la Lin Zexu, na amelijibu vibaya.

Turudi kwa mjane. Hatutaki msomaji afikiri kwamba twamtetea kwa sababu ni maskini. Lutuku ni kitu kibaya. Mahindi na muhogo vyachachishwa, vyapikwa katika pipa la chuma juu ya moto, mvuke wapita katika mrija uliozamishwa ndani ya maji baridi, nayo yadondoka tone kwa tone katika chupa. Hakuna apimaye nguvu yake. Pipa lenyewe pengine lilikuwa la mafuta au la dawa ya mimea. Na wauzaji wengine, ili ichome zaidi, huongeza spiriti ya viwandani, na spiriti ya namna hiyo hupofusha macho na kuua. Mama akiuza glasi ya saa kumi na mbili asubuhi kwa mtu mwenye mikono inayotetemeka, ajua auzalo. Alituambia mwenyewe: «Baba zangu, najua. Usiku nasali kwa ajili yao. Lakini pipa hili lilisomesha watoto wanne. Nionyesheni pipa lingine.»

Baraza halikumwonyesha pipa lingine. Lilimwondoa tu katika uongozi wa shirika, na jioni ile ile aliwasha moto, maana kulikuwa na mtoto wa kulipiwa mtihani. Umaskini haupunguzi sumu ya lutuku, lakini wapunguza kosa la mpishi wake, naye kila mwenye kuungamisha ajua hivyo. Mwenye nganda, yeye, hana njaa ya kumtetea. Angeweza kukataa chupa ya saba na bado watoto wake wangekula nyama. Kama ni kupima makosa kwa mizani, wazee wa baraza walishika mizani kwa upande usiofaa.

Hatuombi nganda zifungwe. Marekani ilikataza vileo kwa sheria tangu 1920 mpaka 1933, ikapata majambazi wa pombe na sumu za vichochoroni, ikarudi nyuma. Nchi jirani yetu Tanzania ilichagua neno dogo zaidi: tangu tarehe 1 Machi 2017 ilikataza pombe kali za vifuko vidogo vya plastiki, viitwavyo viroba, ambavyo mtoto wa shule aliviweka mfukoni pamoja na kalamu. Hilo ni la akili. Sisi twaomba mambo ambayo hayahitaji hata bunge. Mkristu mwenye nganda achome daftari la madeni. Asimwuzie mtoto, hata akisema ametumwa na baba. Mtu akianza kupepesuka, ampe maji na kumtafutia mtu wa kumfikisha nyumbani. Na mama akija mlangoni siku ya mshahara, kumtafuta mume wake, mwenye nganda azime radio. Atapoteza fedha, ndiyo. Kama hapotezi chochote, hajabadili chochote.

Na sisi wenyewe? Kila mwaka, siku ya kermesi, parokia zetu hujenga vibanda vya majani katika uwanja wa misioni, na kibanda kinacholeta fedha nyingi si kile cha maandazi. Kwa fedha hizo tumenunua mabati, tumenunua harmonia. Mlinzi wa misioni huokota watu kwenye nyasi baada ya saa mbili za usiku. Tumeandika katika gazeti hili makala nyingi dhidi ya ulevi, na katika picha za kermesi, mkitazama vizuri, chupa ziko mbele yetu juu ya meza.

Baada ya kufikiri hayo tuliandikia baraza barua fupi. Tuliomba neno la mjane na neno la kazie ishirini yasemwe tena, siku moja, katika kikao kimoja, na wenye maneno hayo wawili wawepo. Tuliomba pia kwamba chama cha akina mama kimkopeshe mjane mtaji wa kuanza kupika sabuni, kazi anayoiweza, kwa maana pipa analo tayari. Jibu limefika. Juu ya sabuni, watatazama. Juu ya mengine, watayasema baada ya sikukuu, kwa sababu sasa kuna kazi nyingi. Kazie zimekwisha kuletwa. Zimepangwa mpaka karibu na dari katika chumba cha mafundisho, na watoto wa komunyo ya kwanza wajifunza nje, chini ya mwembe.